Jembe si fimbo: kisa cha bustani za shule za Mukono

Mtoto amechelewa mstarini. Mwalimu wa zamu anampa jembe na kumwonyesha kipande cha nyasi nyuma ya vyoo: ukimaliza hapo ndipo uingie darasani. Aliyepitia shule ya msingi Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi. Edward Mukiibi, mzaliwa wa Mukono nchini Uganda mwaka 1986, aliyekuja kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Makerere, amekuwa akieleza hadharani kwamba hivyo ndivyo watoto wa rika lake walivyokijua kilimo, kama kazi ya mkosaji. Ukikua na picha hiyo kichwani, kisha ukapata cheti, kurudi shambani ni kama kukiri kwamba umefeli maisha.

Mwaka 2006 Mukiibi na mwenzake Roger Serunjogi walianzisha wilayani Mukono mradi wa bustani za shule uliojulikana kwa kifupi kama DISC. Walianza na shule 15, zikiwamo za chekechea, za kutwa na za bweni. Baadaye mradi ukaungana na Slow Food, vuguvugu la chakula lililoasisiwa Italia na Carlo Petrini katika miaka ya 1980. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa Terra Madre mjini Turin, Slow Food ilitangaza mpango wa bustani 1,000 barani Afrika, na lengo likapandishwa baadaye hadi 10,000. Julai 2022 Mukiibi alimrithi Petrini kama rais wa Slow Food duniani.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya kijana aliyetoka kijijini akafika mbali. Ni habari nzuri, lakini haimsaidii mwalimu mkuu mwenye watoto mia tano, eneo dogo nyuma ya madarasa na sufuria moja kubwa. Mwalimu huyo anataka kujua bustani ya shule inafanya kazi gani hasa, na wapi inashindwa. Mimi nakitazama kisa cha Mukono kutokea jikoni, kwa sababu naamini huko ndiko bustani nyingi za shule hufia, hata zile ambazo mboga zake zimestawi.

Njaa katikati ya kijani

Mukono iko mashariki mwa Kampala, kiasi cha kilomita 20 kwa barabara ya Jinja. Mvua zinanyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ni nchi ya migomba na kahawa ya Robusta, na mchicha, ambao Waganda huuita doodo, huota wenyewe pembeni ya jalala bila kubembelezwa na mtu.

Ukisimama hapo ukaambiwa watoto wanakosa virutubisho, unaweza kudhani unataniwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Uganda wamedumaa, na zaidi ya nusu ya wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Si chakula pekee kinacholeta hali hiyo. Malaria na minyoo vina sehemu yake kubwa. Hata hivyo hao ndio watoto wanaofika darasa la kwanza.

Na shuleni wanakuta nini? Uganda ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 1997, na kwa mwaka mmoja idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Chakula hakikuwa sehemu ya mpango huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaja kuweka wazi kwamba kumlisha mtoto ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo kwenye shule za kutwa za serikali, mwenye mchango wa mzazi anapata uji wa mahindi au posho (ugali wa mahindi) na maharage. Asiye nao hukaa na njaa hadi jioni. Kwenye shule za bweni ni posho na maharage leo, kesho na keshokutwa.

Siwezi kuyadharau maharage. Yakikutana na mahindi, protini ya kimoja hujaliza ya kingine, na tumbo linashiba kweli. Tatizo ni kwamba unga mweupe wa mahindi umeshaondolewa pumba na kiini, humo vitamini za kundi B na madini ya chuma yakaenda kwa kuku, na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage mwili huyapokea kwa shida ikiwa hakuna vitamini C kwenye mlo huohuo. Kinachopungua kwenye sahani ile ni jani moja la kijani na tunda moja. Vyote viwili viko nje ya ua wa shule, vingine vinaoza chini ya mti.

Hapo ndipo dharau inapoingia. Mboga ya majani inajulikana kama chakula cha mwisho wa mwezi, au cha bibi kijijini. Mtoto anayesoma anatakiwa aonekane na chipsi, soda, au ile chapati ya mayai iliyokunjwa ambayo Waganda huiita rolex (nayo, tuseme haki, ni tamu na ina mayai). Dharau hiyo mtoto hazaliwi nayo. Anafunzwa, na shule ni mmoja wa walimu wake: inapomtuma kulima kwa kosa, inamwambia bila maneno thamani ya kile kinachotoka ardhini.

Watanzania wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi wawe sehemu ya uamuzi wa nini kipandwe na mapato yatumikeje. Wazo lilikuwa zuri kwelikweli. Lakini waliosoma miaka ile, wengi wao wakizungumzia shamba la shule, hukumbuka jua, magugu na foleni ya kubeba samadi. Uamuzi hawaukumbuki kwa sababu hawakuulizwa. Mukono ingeweza kuishia palepale.

Uganda ina jambo jingine la ziada. Mabadiliko ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Ni hatua ninayoiunga mkono bila kusita, ila ina tokeo ambalo wapenzi wa bustani wanapaswa kulitazama usoni: mwalimu aliyenyang'anywa fimbo hutafuta mbadala, na jembe liko karibu. Shule yenye bustani nzuri na mwalimu wa zamu asiyekubaliana nayo inaweza kuharibu kwa wiki moja kile ambacho mlezi wa klabu ya bustani amekijenga kwa mihula miwili. Kwa mtazamo wangu, kanuni ya kwanza ya bustani ya shule ni ya nidhamu kabla ya kuwa ya kilimo: hakuna mtoto anayetumwa bustanini kwa kosa, hata dogo, hata siku moja. Tena ningependa iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya walimu.

Kilichopandwa

Waanzilishi wa Mukono waliegemea mazao ya pale pale, aina za asili ambazo mbegu yake inapatikana kwa jirani. Kwa Buganda hiyo ina maana ya doodo, nakati, mgagani ambao wao huuita ejjobyo, entula ambayo wengine tunaiita nyanya chungu au ngogwe, pamoja na maharage, viazi vitamu na ndizi. Nakati huliwa majani na entula huliwa tunda, lakini kibotania ni spishi moja. Mtoto akionyeshwa maua yake mawili sambamba ataligundua hilo mwenyewe, na hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Uchaguzi huo una faida ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kasi. Mchicha uliosiwa leo unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Mgagani nao hauchelewi. Mtoto wa miaka minane hawezi kungoja mgomba uzae baada ya mwaka na zaidi, lakini wiki nne anaziweza, hasa akipewa tuta lake na fito yenye jina lake. Miradi mingi huanza na miti ya matunda kwa sababu inapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Miti ipandwe, ndiyo, ila isiwe ya kwanza kumfundisha mtoto kwamba kazi yake ina jibu.

Halafu kuna mbegu, na hapa inafaa kwenda polepole. Kwenye bustani ya mboga za asili unaacha mimea kadhaa iliyonyooka, yenye majani mapana na isiyoshambuliwa na wadudu, usiichume kabisa. Mchicha unatoa masuke, yanakauka, unayakata asubuhi kabla upepo haujaanza kuyapukutisha. Watoto wanayasugua kwa viganja juu ya kitambaa, wanapeta kwenye ungo au hata kwenye sinia, makapi yanaruka na kubaki chembe nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini. Zikikauka vizuri kivulini zinawekwa kwenye chupa pamoja na majivu makavu, kizibo kinafungwa, jina la mmea na mwezi vinaandikwa. Suke moja lina mbegu maelfu. Mtoto aliyezishika ameelewa kwa vidole vyake kwa nini bibi yake hakuwahi kwenda dukani kununua mbegu ya mchicha. Ukimpandia mbegu chotara ya kununua, mavuno yanaweza kuwa makubwa, lakini mbegu atakayoitunza humo haitatoa mmea unaofanana na mzazi, na msimu ujao bustani inategemea bajeti. Bajeti ya bustani, anayeifahamu shule anaijua, ndiyo ya kwanza kukatwa.

Jikoni

Nimesema bustani nyingi hufia jikoni. Hutokea hivi: mboga zimestawi, mlezi wa klabu anapeleka karai mbili jikoni, mpishi ana posho ya watu mia tano motoni tangu alfajiri na hana msaidizi. Anazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, anazisahau, zinatoka zikiwa na rangi ya kijeshi na maji yamemwagwa pamoja na nusu ya vitamini C. Watoto wanaonja, wanatema. Mwalimu anahitimisha kwamba watoto hawapendi mboga za kienyeji.

Ilhali Waganda wana mojawapo ya njia bora za kupika majani. Matooke, yaani ndizi za kupika, hufungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Juu yake huwekwa kifurushi kidogo cha jani jingine lililobabuliwa motoni ili lisipasuke, ndani yake doodo au nakati, nyanya mbili, kitunguu, chumvi. Moto mmoja, chungu kimoja. Majani hayaogi maji, yanaiva kwa mvuke na kuchukua harufu ya jani la mgomba. Au yanatiwa kwenye mchuzi wa karanga za kusaga, na hapo lishe na utamu vinakubaliana: mwili unahitaji mafuta kidogo ili kuitumia karotini (ambayo huigeuza kuwa vitamini A) iliyomo kwenye majani ya kijani, na karanga zinayo. Mapishi haya yalikuwapo kabla ya mradi wowote. Kazi ya shule ni kumleta mtu anayeyajua, mara nyingi bibi wa mtoto fulani, na kumpa kijiti mbele ya darasa.

Mradi wa Mukono ulilielewa hilo mapema. Upishi uliwekwa pamoja na upandaji na utunzaji wa mbegu, na Slow Food ya Uganda ikawa na sherehe za matunda na juisi shuleni, ambako watoto wenyewe humenya, husaga na kuonja matunda ya kwao. Mtu anaweza kuziona kama mchezo tu. Mimi naziona kama sehemu ya mradi iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na si kwa ajili ya furaha peke yake. Tunda likipata nafasi kwenye mlo wa maharage, vitamini C yake ndiyo inayofungua mlango wa madini ya chuma. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mapera ya Mukono hayana mwenyewe. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, huzuia madini hayo. Ningependa kila shule ya bweni ihamishe chai yake saa moja mbali na mlo. Haigharimu hata senti.

Uchungu ni suala la peke yake. Nakati na mgagani ni vichungu, na ulimi wa mtoto umeumbwa kukwepa uchungu. Wanaochunguza ulaji wa watoto wanajua kwamba chakula kipya hukubalika baada ya kuonjwa mara nyingi, pengine mara 10 au zaidi, kwa vipande vidogo na bila kulazimishwa. Bustani inayovunwa kwa sherehe moja ya kufunga muhula haimpi mtoto nafasi hiyo. Heri kijiko kimoja kila wiki kuliko sufuria nzima siku mgeni rasmi amekuja.

Kilo ngapi

Wafadhili hupenda kuuliza bustani imelisha watoto wangapi. Tupige hesabu bila aibu. Watoto 500, kila mmoja gramu 80 za majani mabichi, ni kilo 40 kwa mlo mmoja. Tuta la mchicha linalotunzwa vizuri linaweza kutoa kilo 1 hadi 2 kwa kila mita ya mraba kwa mzunguko. Bustani ya mita za mraba 100, ambayo kwa shule nyingi ni kubwa, itatoa kilo 100 hadi 200, yaani milo miwili na nusu hadi mitano katika mwezi mzima. Na hiyo ni bila mbuzi wa jirani.

Kwa hiyo anayeahidi kwamba bustani itaondoa njaa shuleni anajidanganya, au anamdanganya mfadhili. Njaa ya mchana inahitaji mchango wa wazazi uliopangwa vizuri au fedha ya serikali. Bustani ni darasa lenye mazao, na ikipimwa kama ghala itaonekana imefeli kila mwaka hadi ifungwe.

Kalenda nayo ina ukorofi wake. Muhula wa kwanza Uganda huanza Februari, mvua zinakuja Machi, shule zinafungwa mwanzoni mwa Mei kabla maharage hayajakomaa. Likizo ndefu ya Desemba na Januari inaangukia kiangazi. Mboga za wiki nne zinapenya katikati ya ratiba hii; mahindi hayapenyi. Na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa darasa la saba, wenye karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kilimo kimejificha ndani ya sayansi. Kuanzia Agosti mtoto wa darasa la saba hatoki tena kwenda bustanini, na mzazi atakayemwona na jembe atauliza anafundishwa nini. Klabu iliyojengwa juu ya darasa la nne na la tano ina miaka miwili ya kupumua kabla mtihani haujaichukua.

Mbegu iliyokwenda nyumbani

Ushahidi kutoka kwingine unafaa kuwekwa kando ya kisa hiki. Kuanzia mwaka 2013 Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao yake Taiwan, kilishirikiana na nchi kadhaa, miongoni mwao Nepal, Bhutan na Burkina Faso, kuanzisha bustani za mboga shuleni na kupima matokeo kwa kulinganisha na shule zisizo nazo. Watoto wa Nepal walizijua mboga vizuri zaidi na kuelewa faida zake. Kiasi walichokula hakikubadilika kwa namna ya kujivunia. Burkina Faso nako badiliko la sahani halikuonekana wazi. Baadaye huko Nepal waliunganisha bustani ya shule na bustani za nyumbani, mama na baba wakapewa mbegu na mafunzo, na hapo watoto wakaanza kula mboga zaidi.

Haishangazi. Mtoto hanunui chakula wala hapiki. Anaweza kujua yote kuhusu vitamini A akala kilichopakuliwa. Ndiyo maana ile chupa ya mbegu na majivu naiona kuwa zao muhimu kuliko karai la mchicha: inabebeka kwenye mkoba wa shule. Machi 2020 Uganda ilifunga shule kwa sababu ya korona, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko kwa nchi nyingine yoyote. Bustani isiyo na watoto kwa muda huo ni kichaka. Tuta nne nyuma ya jiko la mama hazikuhitaji kibali cha wizara.

Hesabu ya bustani 1,000, kisha 10,000, hunitia mashaka kidogo kwa sababu hiyohiyo. Ni rahisi kuhesabu nyua na vibao. Kama ningekuwa na fomu moja ya tathmini, ningeuliza ni nyumba ngapi zilizopanda mbegu iliyotoka shuleni na kama mpishi wa shule alishirikishwa kabla ya tuta la kwanza kuchimbwa. Mlezi wa klabu akihamishwa, na Uganda walimu huhamishwa sana, nyumba hizo na mpishi huyo ndio watakaobaki.

Limebaki la ardhi. Mji wa Kampala unaila Mukono. Mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja kila mwaka. Shule nyingi kongwe za Uganda zimekaa kwenye ardhi ya makanisa na taasisi za Kiislamu zilizoziasisi, na siku mwenye ardhi anapotaka kujenga fremu za maduka kando ya barabara, bustani ndiyo huondoka kwanza. Shule zilizobanwa huanza na magunia: safu ya mawe madogo katikati ili maji yashuke, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni, miche 30 hadi 40 kwa gunia. Watu husema gunia linahamishika, lakini likishajazwa halibebeki na wanaume wanne. Lichaguliwe mahali mapema, na pazuri zaidi ni karibu na jiko, pale mpishi anapomwaga maji ya kuoshea mboga.